Kuongoza sifa msibani na wodini bila kumnyamazisha anayelia

Kiitikio_Beti3 · #1

Bwana Yesu asifiwe.

Uzi huu ni wa waanzilishi wa nyimbo, walimu wa kwaya, wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya, na yeyote ambaye jioni ya msiba husukumwa mbele na kuambiwa "hebu tuongozee nyimbo mbili tatu".

Mstari unaotajwa kila mara ni 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Mara nyingi mfiwa anatupiwa ili anyamaze: usilie, msifu Mungu. Lakini aliyeuandika, sura moja tu nyuma (4:13), anazungumza na watu waliozika ndugu zao, na hawakatazi kuhuzunika. Anawaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Basi anayelia na anayeimba ni mtu mmoja, na ibada lazima impe nafasi ya kufanya yote mawili.

Angalieni mpangilio wa Ayubu. Mstari wa 1:20: akararua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini, akasujudu. Ndipo unakuja 1:21, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Sisi tunapenda 1:21 na tunaruka 1:20. Rafiki zake nao walipata alama kwa jambo moja tu: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno (2:13). Walipofungua midomo ndipo wakaharibu. Mwisho wa kitabu, 42:7, hasira ya Mungu inawawakia wao, wakati Ayubu aliyelalamika sura kwa sura anaambiwa amenena yaliyo sawa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ibada ya jioni nyumbani kwa wafiwa ipangwe dakika 40 hadi 45:

1. Wimbo mmoja wa taratibu, beti mbili, bila maiki na bila kinanda. Uwe wimbo ambao hata mtoto wa shule ya Jumapili anaujua.
2. Zaburi ya maombolezo isomwe yote, polepole, na msomaji mmoja. Zaburi 13 ina mistari 6, Zaburi 130 ina mistari 8. Hakuna haja ya kukata.
3. Kimya, dakika mbili kamili kwa saa. Watu watakohoa, na lazima atokee wa kutaka kujaza pengo kwa pambio. Mzuie kwa ishara ya mkono.
4. Sala inayomtaja marehemu kwa jina na kusema waziwazi kilichopotea: mume, mama, mtoto wa kidato cha pili. Sala ya "sisi sote ni wapitaji" pekee haitoshi.
5. Wimbo wa tumaini, beti zote.
6. Neno, dakika 10. Mhubiri akizidisha, mwanzilishi hana ruhusa ya kumkata, kwa hiyo mzee wa zamu akubaliane na mhubiri mapema.
7. Wimbo wa sifa. Ni wa tatu, hauwi wa kwanza.
8. Baraka, kisha matangazo ya kamati ya mazishi.

Ibada huharibikia kwenye namba 3 na namba 7. Kimya kinaogopwa, kwa hiyo kinafutwa. Halafu sifa inavutwa mbele kuziba pengo. Wafiwa wanafika kwenye wimbo wa sifa wakiwa bado hawajapewa nafasi ya kusema neno lolote mbele za Mungu.

---

mamaJoeli_Tabora · #2

Ubarikiwe mtumishi. Swali la haraka: mwili ukiwa unaingia nyumbani na watu wanapiga mayowe, kwaya ifanye nini? Huku kwetu wanaongeza sauti ya spika mpaka kilio kisisikike.

---

Kiitikio_Beti3 · #3

Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote. Kilio kikipanda, kwaya ishuke. Acheni maneno ya beti, bakini na kiitikio, tena kwa kufunga midomo, mvume tu. Kilio kikubwa huja kwa mawimbi. Wimbi likishapita mnarudisha maneno ya kiitikio, kisha beti. Mkishindana na kilio kwa spika, anayelia naye anapandisha sauti ili asikike, na mwisho wake mtu anazimia, kinamama wanaanza kumpepea na khanga, na kwaya bado inaimba "shangilieni".

Spika yenyewe ikae nje upande wa wanaume chini ya turubai, isielekezwe mlangoni wala dirishani kwa wafiwa.

---

Besi_ya_Nyuma · #4

Niongeze upande wa sauti, maana wengi wanaharibu kabla ya ubeti wa kwanza kwisha.

Kwanza ufunguo. Kitabu kikisema Doh (noti ya msingi) ni G, msibani anzieni E. Watu wamelia tangu asubuhi, koo zimekauka, na wengi wamekaa chini kwenye mikeka, pumzi haitoki vizuri. Ukianza kwenye G, mstari wa tatu wanabaki sauti ya kwanza wawili watatu, wanaume wamekaa kimya, wimbo unafia mikononi. Hapo mtu mwingine anaanzisha wimbo mwingine kwa huruma, na ule wa kwanza umeachwa njiani. Kama huna pitch pipe (kipulizo cha kutoa noti) wala kinanda, ijaribu kwanza noti ya juu kabisa ya wimbo kimoyomoyo. Ikikukaza shingo, shuka.

Pili mwendo. Wimbo wa maombolezo hukaa vizuri kati ya mapigo 60 na 72 kwa dakika. Chini ya 60 watu hawamalizi mstari kwa pumzi moja. Juu ya 80 miguu inaanza kucheza yenyewe. Wapiga kinanda, zimeni ule mdundo uliorekodiwa ndani ya kinanda. Huo mdundo haujui kusubiri anayelia.

Tatu mahali pa kusimama. Nyumba zetu nyingi wanawake wako ndani, wanaume nje. Mwanzilishi akikaa ndani sebuleni, wanaume wanamfuata kwa kuchelewa na nyimbo zinakuwa mbili. Akae mlangoni, ubavu mmoja ndani na mwingine nje.

Nne, namba za nyimbo. Kwenye msiba kuna Walutheri, Waanglikana, Wasabato, Wapentekoste, kila mmoja na kitabu chake. Ukitaja "namba 23" watu wanafungua nyimbo nne tofauti. Taja mstari wa kwanza wa wimbo, uutamke mara mbili, ndipo uanze. Na kama wimbo una tafsiri zinazopishana (ndivyo ilivyo kwa nyimbo nyingi za zamani), mwanzilishi atamke kila mstari kabla ya kuuimba.

---

Mteule_Juzi · #5

Naona mnatufundisha kuomboleza tu. Waebrania 13:15 inasema tumpe Mungu "dhabihu ya sifa daima". Dhabihu inauma, haisubiri mtu ajisikie vizuri. Na 2 Nyakati 20 mfalme Yehoshafati aliweka waimbaji mbele ya jeshi, adui wakauana wenyewe. Paulo na Sila waliimba gerezani, milango ikafunguka. Sifa ni silaha. Mfiwa akisifu, minyororo inakatika. Mbona mnaipunguza nguvu?

---

Kiitikio_Beti3 · #6

Mteule, nusu ya hoja yako naichukua mzima mzima. Sifa haisubiri kujisikia. Zaburi 34:1 inasema "kila wakati", na kila wakati ni pamoja na Jumatatu ya kuzika. Nusu ya pili ndiyo tuichambue, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu.

Fungua 2 Nyakati 20 uanzie juu. Mstari wa 3, Yehoshafati anaogopa. Limeandikwa hivyo hivyo. Anatangaza kufunga kwa Yuda yote. Mstari wa 6 hadi 12 ni sala, na inaishia na sentensi ya mfalme aliyeishiwa: hatujui tufanyeje, lakini macho yetu yanakuelekea wewe. Mstari wa 13 wamesimama pale na wadogo wao, wake zao na watoto wao. Ndipo Mlawi mmoja, Yahazieli, anapewa neno. Waimbaji wanapangwa mstari wa 21, kesho yake asubuhi. Kabla ya kwaya kutoka kuna woga, njaa, mkutano mzima, na kukiri kuwa hawana mbinu. Ukichukua mstari wa 21 peke yake unakuwa umeanza mahali ambapo wao walikuwa wanafikia.

Na usifunge Biblia hapo. Sura hiyo hiyo, mstari wa 37, merikebu za mfalme yule yule aliyeongoza sifa zinavunjika huko Esion-geberi. Kwa hiyo sifa ya asubuhi moja haikuwa bima ya mambo yake mengine.

Kwa Paulo na Sila ni hivyo hivyo. Matendo 16 milango ilifunguka. Matendo 12:2, Yakobo ndugu yake Yohana aliuawa kwa upanga, na hakuna anayesema alikosa sifa. Hapa Afrika Mashariki, tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu wa misheni ya Kianglikana, Yusufu Lugalama, Makko Kakumba na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto huko Busega, Buganda. Mapokeo yanasema walikuwa wanaimba wimbo wa sifa, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa wamisionari wa mwanzo kule walitumia sana lugha hii. Moto haukuzimika. Ukimwambia mama aliyezika "ungesifu zaidi, mtoto angepona", hao watatu umewaweka wapi?

Na ile Waebrania 13:15, soma na wa 16: msisahau kutenda mema na kushirikiana, maana sadaka za namna hii ndizo zimpendezazo Mungu. Mwandishi amezifunga pamoja. Kabla kwaya haijaanza, mtu mmoja apite jikoni aangalie kama maji yapo, sukari ipo, mkaa upo, na kama mjane amekula tangu asubuhi.

---

Mteule_Juzi · #7

Hiyo ya mstari wa 37 sijawahi kuihubiri wala kuisikia ikihubiriwa. Sawa. Lakini bado nasema kuna misiba inakaa wiki nzima kwenye kilio hadi watu wanakata tamaa. Lazima mtu awainue.

---

Karani_wa_Parokia · #8

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwetu Wakatoliki jambo hili linashikwa na ratiba, na nadhani ndilo jibu la Mteule. Liturujia ya Vipindi, yaani sala rasmi za Kanisa za kila siku, inazungusha zaburi kwa majuma manne. Kila asubuhi Masifu ya Asubuhi yana Wimbo wa Zakaria, kila jioni Masifu ya Jioni yana Wimbo wa Bikira Maria, iwe jua limewaka au mvua ya mawe imenyesha. Hakuna anayeuliza padre au mtawa anajisikiaje siku hiyo. Na ratiba hiyo hiyo, kila Ijumaa usiku kabla ya kulala, inaleta Zaburi 88, ile inayoishia gizani bila neno hata moja la kutulia. Aliyefunga harusi Alhamisi anaisali. Aliyezika Alhamisi anaisali. Kanisa halikungoja upate msiba ndipo likufundishe kulia, wala halikungoja upate harusi ndipo likufundishe kusifu.

Wakati wa Kwaresima tunaondoa Aleluya na Utukufu. Siku arobaini na kitu hizo watu wanajifunza kwamba sifa inaweza kunyamaza kwa utaratibu na ikarudi kwa utaratibu. Aleluya ya usiku wa Pasaka inaimbwa na watu walioikosa.

Kwa vitendo: jumuiya ndogondogo zisingoje mtu afe ndipo zisome zaburi za maombolezo. Takriban theluthi ya Zaburi zote 150 ni za aina hiyo. Jumuiya inayokutana kila wiki ikisoma moja kila mkutano wa nne, mwaka haujaisha watu wanajua 13, 42, 130 na 88 kwa masikio. Siku ya msiba maneno yapo tayari mdomoni.

---

Chumvi_Kidogo · #9

Samahani wapendwa, natoa mada kidogo pembeni. Hii yote ni ya kundi. Mtu aliye peke yake chumbani, kaachishwa kazi au ana ugonjwa usioisha, akiambiwa "msifu Mungu katika hali zote" aanzie wapi? Akijaribu anaona anadanganya.

---

Kiitikio_Beti3 · #10

Kaka/dada Chumvi, swali lako ndilo la msingi, maana asiyejua kufanya hivi peke yake hawezi kuwaongoza wengine.

Chukua Zaburi 13, itumie kama mchoro wa fundi. Mistari ya 1 na 2 ni malalamiko, na "hata lini" inarudi mara nne. Mistari ya 3 na 4 ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Mistari ya 5 na 6 inageuka: nami nimezitumainia fadhili zako, naam nitamwimbia BWANA. Mistari sita tu, na ameshafika kwenye wimbo bila kuruka kitu.

Chukua daftari, dakika 15, uandike yako:

Sentensi moja ya kumwita. "Ee Bwana", "Baba", basi. Usianze na sifa ndefu ndefu ili kumlainisha.

Sentensi tatu hadi tano za malalamiko. Ziwe na majina na tarakimu: kodi ya miezi mitatu, barua ya tarehe fulani, sindano ya kila wiki. Sentensi ya "maisha ni magumu" haijasema kitu. Na umwelekee Mungu mwenyewe. Wengi wanaandika *kuhusu* Mungu kama wanamsengenya kwa jirani. Zaburi inamwambia usoni.

Ombi moja. Moja tu. Ukiandika nane hutajua lipi limejibiwa, na mwisho wa mwezi unakumbuka yale ambayo hayakujibiwa.

"Lakini" moja, na isimame juu ya jambo ambalo Mungu amekwisha kulitenda. Liwe la Maandiko au la maisha yako, ila liwe limetokea. "Lakini najua utanipa kazi wiki ijayo" hiyo ni tarajio umelivalisha kanzu. "Lakini ulimfufua Yesu" hiyo imetokea.

Ahadi ya sifa. Hapa watu wanateleza, wanageuza biashara: ukinipa, nitatoa. Zaburi 13 haina "ukinipa". Iwe ndogo na iwe ya leo: nitaimba ubeti mmoja kabla ya kulala, nitamshukuru kwa sauti kwa ajili ya maji niliyooga. Waimbaji wa zaburi za 42 na 43 wanaambia nafsi zao wenyewe "umtumaini Mungu", mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza haikushika.

Kosa linalorudi kila mara: mtu anaandika sentensi moja ya malalamiko, anaogopa, anakimbilia "lakini". Ndio maana anaona anadanganya. Malalamiko hayajakamilika, kwa hiyo sifa inakaa juu ya kitu kinachochemka. Rudi uandike zile tatu zilizobaki.

Na ikitokea siku "lakini" haiji kabisa, usiitengeneze. Zaburi 88 haina. Andika ulichonacho, sema Amina, lala. Mtu anayemlilia Mungu usiku bado anazungumza naye.

---

Chumvi_Kidogo · #11

Ile ya "umelivalisha kanzu" imenigusa 😅. Asante sana mkuu, nitaifanyia kazi.

---

Zamu_ya_Usiku · #12

Kwa wanaokuja kuimbia wagonjwa wodini, machache ya upande wa hospitali, maana mnakuja kwa upendo na mnatuachia kazi.

Muone muuguzi msimamizi wa wodi kwanza, hata kama ni saa ya kuona wagonjwa. Atawaambia nani ametoka kufanyiwa upasuaji, nani hapaswi kusumbuliwa. Kundi lisizidi watu wanne kwenye kitanda kimoja. Kumi mnakula hewa ya wodi nzima.

Jumla ya ziara dakika 10. Wimbo mmoja, beti moja au mbili, kwa sauti ya kumfikia mgonjwa wenu tu. Kitanda cha pili kuna Mwislamu, cha tatu kuna mtu hajalala siku mbili, hawakuomba ibada. Spika ya bluetooth iacheni nyumbani.

Mgonjwa aliye kwenye oksijeni au aliyetoka kupasuliwa tumbo msimwambie "imba na sisi" wala "inua mikono". Kuimba kunataka pumzi ya ndani na kunavuta mshono. Mwambieni asikilize, kama anataka anaweza kubonyeza kidole chenu kwenye kiitikio.

Wimbo achague yeye. Mara nyingi atachagua wa utotoni, hata kama ninyi mmefanya mazoezi ya mwingine. Mgonjwa aliyechanganyikiwa au mzee aliyesahau mengi, wimbo aliouimba tangu udogo ndio unaobaki, kwa hiyo msilete kipya.

Mafuta msimpake karibu na kidonda, drip au kovu bichi. Na kwa jina la Yesu mwenyewe, asitokee wa kumwambia aache dawa ili kuonyesha imani. Vidonge vya kisukari, presha, kifafa na ARV vikikatwa ghafla mtu anarudi kwetu akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo, na anayekuja naye siyo yule aliyemshauri.

La mwisho: mgonjwa akiwaambia amechoka kuishi, msimjibu kwa wimbo. Msimwache peke yake, mwiteni muuguzi hapo hapo.

---

Besi_ya_Nyuma · #13

Zamu umegusa. Hata kwenye gereza la Filipi, Matendo 16:28, Paulo hakuendelea na mapambio yule mlinzi aliposhika upanga. Alipaza sauti kuu: usijidhuru, kwa maana sisi sote tupo hapa. Wimbo ulikatwa.

---

Wakili_wa_Wajane · #14

Nami nibaki kwenye sura hiyo hiyo, kwa sababu kuna mistari inayofichwa. Watu wanahubiri mstari wa 25, sifa za usiku wa manane, wanafunga Biblia. Mstari wa 35 hadi 39, asubuhi yake: wakuu wanatuma ujumbe kuwa waachieni hao watu. Paulo anakataa kutoka kimya kimya. Anasema wametupiga mbele ya watu wote, bila kutuhukumu, na sisi tu Warumi. Waje wenyewe watutoe. Na wakaja, wakawasihi.

Mtu huyo huyo aliyemsifu Mungu kwa migongo iliyochanika ndiye aliyedai haki yake ya kisheria baada ya saa chache. Hakuona mgongano.

Kwa hiyo mwanamke anayepigwa nyumbani anapokuja kwa mchungaji, "wewe msifu Mungu, shukuru kwa kila jambo" si ushauri wa Kibiblia hata kidogo. Hatua ni hizi: kwanza usalama, alale wapi usiku huu na watoto. Pili hospitali. Tanzania aombe PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kituo cha polisi. Ana majeraha makubwa aanzie hospitali, fomu ifuate. Tatu dawati la jinsia na watoto polisi. Nne, akitaka, ndipo kuombewa na kuimba. Asiyetaka kuimba asilazimishwe. Yusufu alimsifu Mungu kwa aliyoyafanya, na bado akawaambia ndugu zake usoni, Mwanzo 50:20, kwamba walikusudia mabaya. Alilia mbele yao pia, tena si mara moja. Ubaya hakuubadilishia jina.

Vilevile mjane anayeporwa shamba na ndugu wa mume. Kuna wachungaji wanamwambia "mwachie Mungu, wewe sifu". Aende kwenye mirathi. Sifa haifuti muda wa kufungua shauri.

---

Nyoka_Mbao_Nairobi · #15

Praise God wapendwa, nafuatilia kutoka huku Nairobi. Na kwa msiba wa mtoto mchanga je? Hapo hakuna hata historia ya marehemu ya kusoma. Watu hukimbilia kusema "Mungu amechukua ua lake zuri".

---

Karani_wa_Parokia · #16

Hilo la ua liondolewe. Mama anasikia kwamba Mungu ndiye mwizi wa bustani. Orodha ya maneno ya kuacha ni fupi: "Mungu amempenda zaidi", "utapata mwingine", "kila jambo lina sababu yake", "afadhali amekufa mdogo". Badala yake: "pole", jina la mtoto kama alipewa, na kukaa.

Ibada iwe fupi kuliko ya mtu mzima, dakika 15 hadi 20. Somo Marko 10:14, waacheni watoto wadogo waje kwangu. Wimbo mmoja tu. Baba wa mtoto asisahaulike nje chini ya turubai. Mara nyingi anapewa kazi ya kuhesabu viti na hakuna anayempa pole. Sala imtaje na yeye.

Na hata Yesu, anayejua kuwa dakika chache zijazo Lazaro atatoka kaburini, kwanza alilia (Yohana 11:35). Ndipo mstari wa 41 akasema "Baba, nakushukuru." Kama yeye aliyejua mwisho hakuruka, sisi tunaruka kwa haraka ya nini?

---

Mteule_Juzi · #17

Sawa wakubwa, nimekubali hoja ya mpangilio. Sasa nipeni la kaburini. Pale jeneza linashuka, udongo unaanza kuingia, kwaya inachanganyikiwa kila mara. Wimbo unaisha na udongo haujafika nusu, wanaanza mapambio ya kucheza.

---

Besi_ya_Nyuma · #18

Hilo ni hesabu tu. Vijana wanne hadi sita wenye koleo wakipokezana hufukia kaburi la kawaida kwa takriban dakika 15 hadi 25, kutegemea udongo ni kichanga au mfinyanzi mkavu. Wimbo wa beti nne kwa mwendo wa mapigo 66 unachukua dakika nne hadi tano. Kwa hiyo andaeni walau nyimbo nne na mziandike kwenye karatasi kwa mpangilio, kila kiongozi wa sauti apewe nakala. Msitegemee kumbukumbu, machozi yanafuta beti.

Wa kwanza wa kuaga, taratibu kabisa, wakati jeneza linashushwa. Koleo za kwanza zikianza kugonga mbao ndio wakati mgumu kuliko wote kwa wafiwa. Hapo imbeni kwa sauti kamili, sauti nne, ili mlio wa udongo ufunikwe. Ni mahali pekee ambapo nashauri kwaya ipande. Wa pili na wa tatu wa tumaini la ufufuo. Wa nne wa sifa, uanze wakati tuta linasawazishwa na msalaba unawekwa, na mwendo unaweza kufika 84 au 88. Watu wenyewe watapiga makofi kama wako tayari. Wasipopiga, msiwaombe.

Wakati wa mashada, kwaya inyamaze. Kila jina linaloitwa lisikike.

---

mamaJoeli_Tabora · #19

Na kama mvua imeanza?

---

Besi_ya_Nyuma · #20

Wimbo wa kwanza na wa nne. Katikati ruka. Na mchungaji apewe mwavuli, karatasi zake zikilowa hasomi baraka.